Umeme ukikatika, samaki wako wanapumuaje?

Mbukwenyi, wasomaji wa safu hii. Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: filta ya tangi la samaki. Nimechagua moja ndefu kwa sababu ndani yake wamo watu wote, yaani muuza duka, jirani, shemeji na mke. Mbili fupi nitazijibu baada ya hiyo.

SWALI: Shikamoo mzee. Niliwanunulia watoto tangi la samaki Dar es Salaam, la kioo, sentimita 60 kwa 30 na kimo 35, nikalipakata kwenye treni mpaka Dodoma. Nimeweka goldifishi wawili na gapi sita. Baada ya siku chache maji yakawa meupemeupe, gapi wawili wakafa. Muuzaji wa Kariakoo ananishauri ninunue filta ya kanista, anasema ndiyo mwisho wa matatizo. Jirani anayo ile ya kuning'inia ukingoni na anaisifu. Shemeji yangu anasema nisipoteze pesa, kwani samaki wa Mtera hawana filta na wananona. Mke wangu yeye hana ubishi na yoyote, ila isipige kelele, maana tangi lipo sebuleni na mtoto mdogo hulala hapohapo mchana. Na umeme wetu unaujua. Ninunue ipi? — *Baba wa Wawili, Ilazo*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na shemeji, maana hoja yake ina mantiki ingawa imepotea njia. Mtera ni bwawa ambalo ukisimama ukingoni mwake upande huu, watu wa Iringa walio ng'ambo huwaoni. Kinyesi cha perege mmoja kinapotelea humo kikakutana na upepo, majani, matope na bakteria wasio na idadi. Sasa hesabu tangi lako: 60 mara 30 mara 35 ni 63,000, gawa kwa 1,000, upate lita 63. Lakini hujazi mpaka juu, na kokoto zinakula nafasi, kwa hiyo maji halisi ni lita 50 hivi. Samaki wanane ndani yake ni kama lita sita kwa kila mmoja. Mwambie shemeji akae kwenye chumba chenye ukubwa wa aina hiyo, choo humohumo, halafu azungumzie habari za kunona.

Kazi kubwa ya filta ndiyo watu wengi hawaambiwi dukani. Wanadhani ni chekeche la kukamata uchafu ili maji yang'ae. Hilo inafanya, ni kweli, lakini samaki hafi kwa uchafu unaouona. Anakufa kwa amonia, ambayo haionekani. Samaki anaitoa mwilini saa zote, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu kwa sababu inaizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei ovyo, wanajishika kwenye kitu: sponji, kokoto, kuta za kioo. Wanataka maji yenye oksijeni yapite juu yao bila kukoma. Kwa hiyo filta ni nyumba yao, na ukienda dukani unamtafutia bakteria makazi.

Hao bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye tangi jipya. Wewe uliweka samaki wote mara moja siku za mwanzo, wala hukuwa na filta. Ule weupe ulikuwa bakteria wa aina nyingine, wanaoshamiri majini pakiwa na chakula kingi na mpangilio bado haujakaa. Weupe wenyewe hauui. Kilichowaua gapi wako, kwa jinsi ulivyosimulia, ni amonia.

Na hapa Dodoma amonia ina ukali wake. Nilifanya kazi ya maabara ya shule mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nivumilie nitumie namba kidogo. Maji yetu mengi ya bomba yanatoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini, mazito kwa madini, na anayechemshia chai birika moja muda mrefu anayajua yale magamba meupe yanayoganda chini. Maji ya namna hiyo huwa yanaelemea upande wa alkali. Sasa, kwenye nyuzi joto 25, maji yenye pH 7 (pH ni kipimo cha asidi na alkali) huwa na amonia ya sumu kali isiyofika asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Panda mpaka pH 8, ile sehemu ya sumu inakuwa asilimia 5 na kitu. Uchafu uleule, samaki walewale, sumu mara tisa hivi. Ndiyo maana ushauri wa mtu anayefuga kwenye maji laini ya mvua hauwezi kuhamia Ilazo mzimamzima.

Jambo la pili ni hewa. Mji wetu uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 28 kule pwani yanaweza kubeba oksijeni karibu miligramu 7.8 kwa lita, na hapa hayafiki 7. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto likipanda, samaki huanza kupumulia juu juu, midomo wazi, na watu hudhani wana njaa wakawaongezea chakula. Filta inayotikisa uso wa maji hapa kwetu si anasa.

Basi tuje kwenye filta zenyewe.

Kanista anayokuuzia rafiki yako wa Kariakoo ni kopo linalokaa chini ya meza, lenye mipira miwili, mmoja unanyonya maji na mwingine unayarudisha. Ni chombo kizuri kwa tangi la lita 200 kwenda juu. Kukifungia tangi lako ni kama kukodi lori la mchanga kuhamisha godoro moja. Lakini kinachonikataza zaidi ni umeme. Kopo lile limefungwa kabisa. Mota ikisimama, bakteria waliomo wanaimaliza oksijeni iliyobaki, kisha wanaanza kufa. Umeme ukirudi baada ya kukatika kutwa nzima, kopo linakumwagia tangini maji yaliyooza. Mwenye kanista Dodoma inabidi awe nyumbani umeme unaporudi, alifungue, alisuuze, ndipo aliwashe. Wewe unashinda kazini.

Ya jirani, ile ya kuning'inia ukingoni, ni nzuri zaidi kwa ukubwa wa tangi lako, na sitamsema jirani vibaya. Inasafisha maji ya tangi vizuri sana, na kuisafisha yenyewe ni rahisi. Nina mambo mawili dhidi yake. La kwanza, baadhi yake umeme ukikatika maji hushuka kwenye bomba la kunyonyea, na ukirudi haziwezi kuyavuta upya zenyewe. Mota inazunguka kavu usiku kucha mpaka inaungua. Muulize muuzaji kama mota yake inakaa chini kabisa majini, maana hizo hujianzisha zenyewe. La pili, kiangazi chetu kinakunywa maji kwenye tangi upesi, kina kinashuka, na filta inageuka maporomoko sebuleni. Mkeo alishasema.

Ipo pia ya mota inayozama ndani, kidude cha plastiki chenye sponji tumboni, kinachobandikwa kwenye kioo kwa vinyonyeo vya mpira. Kwa tangi lako tafuta iliyoandikwa lita 200 hadi 300 kwa saa, yaani maji yote yapite mara nne hadi sita kila saa, na ujue namba ya kwenye boksi walipima bila sponji ndani. Haina kelele. Kwa gapi, mkondo wake uelekeze kwenye kioo, vinginevyo mikia ile mirefu inageuka bendera.

Na ile ya chini ya kokoto, sahani yenye matundu, usiiguse. Siku ya kuisafisha utalibomoa tangi lote.

Mimi ningekununulia filta ya sponji. Ni silinda ya sponji yenye bomba katikati, imeungwa kwa mpira mwembamba na pampu ya hewa iliyo nje ya tangi. Hewa inashuka, inatoka kama mapovu ndani ya bomba, mapovu yakipanda yanavuta maji nayo, na maji hayo lazima yapite kwenye sponji kwanza. Hakuna kitu kinachozunguka ndani ya maji, hakuna cha kuungua. Mapovu yanatikisa uso wa maji, oksijeni inaingia. Vitoto vya gapi havivutwi humo. Tena vinaidonoa sponji kutwa vikila vijidudu vilivyojishika. Sura yake si nzuri, nakubali. Panda mmea mbele yake. Na maji hayatang'aa kama ya kwenye tangazo. Yatakuwa safi, na samaki watakuwa hai.

Umeme ukikatika, sponji inabaki ndani ya maji ya wazi pamoja na samaki. Bakteria wake wanaendelea kupata oksijeni kidogo kwa muda mrefu kuliko walio kwenye kopo. Juu ya hayo, zipo pampu ndogo za hewa zinazotumia betri au waya wa USB, ambazo unazichomeka kwenye pawa benki ileile ya simu na zinafanya kazi na sponji hiyohiyo. Nunua moja uiweke droo ya meza. Kama huna, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage humohumo kutoka juu kiasi, mara kadhaa kila baada ya nusu saa. Watoto wataipenda kazi hiyo kuliko unavyodhani. Na usiwalishe samaki mpaka umeme urudi, maana samaki mzima asipokula siku moja au mbili hadhuriki.

Kuhusu LUKU usijali. Pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima inakula uniti 2 na kidogo. Usiizime usiku ili kubana matumizi, utawaua bakteria uliowalea.

Pampu ya hewa iweke juu zaidi ya maji, kwenye rafu au ukutani. Ikikaa chini ya usawa wa maji, siku umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka ndani ya pampu, na kutoka hapo sakafuni na kwenye soketi. Kama haiwezekani kuiweka juu, funga vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, inauzwa palepale na mipira. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone likiteleza liishie chini.

Kelele za pampu mara nyingi ni meza inayotetemeka, si pampu. Ikalishe juu ya kitambaa kilichokunjwa au kipande cha godoro, au itundike kwa kamba. Ikiendelea kulia, igeuze tumbo. Pampu nyingi zina kipande cha kitambaa kizito pale zinapovutia hewa, na kwa vumbi la Dodoma kinaziba mapema, pampu inahangaika, inaanza kunguruma. Kioshe, kikauke, kirudishe. Upepo wa Agosti na Septemba ukianza kubeba mchanga, kikague mara kwa mara. Maelekezo ya kwenye boksi yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufua pazia Ilazo.

Ukishafunga, usikimbilie kuongeza samaki. Kama kuna mtu unayemfahamu mwenye tangi zima lililokaa miezi, na samaki wake hawana magonjwa, mwombe aikamulie sponji yake chafu kwenye tangi lako. Yale maji ya kahawia yanayotia kinyaa ndiyo mbegu ya bakteria, na yatakupunguzia wiki za kusubiri. Kama huna mtu, lisha kidogo sana, mara moja kwa siku, na kila baada ya siku mbili badilisha robo ya maji mpaka mwezi na nusu upite. Baada ya hapo robo kila wiki inatosha. Filta haiondoi nitrati, ndoo ndiyo inaiondoa.

Maji mapya yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia, ili klorini ipae. Na sponji ikiziba, kila wiki tatu au nne hivi, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kamwe usiioshe kwa maji ya bomba yanayotiririka, achilia mbali sabuni. Klorini iliwekwa kuua bakteria, na haitawabagua wako. Niliwahi kuona tangi zuri sana likifa ndani ya siku nne kwa sababu dada wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, aliifua sponji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Mwonyeshe wa kwako mapema.

Kuna jambo hukuuliza, nami sitalinyamazia. Wale goldifishi wawili hawana maisha humo. Wanachafua maji kuliko samaki wengine wa ukubwa wao, na hata wale wa duara hufika sentimita 15 na zaidi. Tafuta mwenye bwawa la bustani au tangi kubwa umpe. Ukibaki na gapi, maji yetu haya ya chumvichumvi wanayapenda. Samaki aina ya moli na plati nao wanayapenda. Na ukitaka kuwashangaza wageni, ulizia wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Maji ya ziwa lile ni ya alkali kuliko hata ya kwetu, pH yake ni kati ya 8.6 na 9. Huko Ulaya watu wanahangaika kuongeza madini kwenye maji yao ili kuwafuga samaki wa Kigoma, sisi tuna maji yanayowaelekea na tunanunua goldifishi. Sijui tulirogwa na nani.

Mueleze mkeo kwamba sauti atakayoisikia ni mapovu. Watoto wengi wanalala nayo vizuri.

SWALI: Mzee, filta yangu ya kuning'inia ilikuwa inavuta vizuri, sasa inatoa maji kiduchu na mota inakwaruza. Ukingoni mwa kioo kuna unga mweupe usiotoka kwa kitambaa. Natumia maji ya kisima. — *Msomaji, Kondoa*

JIBU: Huo unga ni chokaa ya maji yako, na ndiyo iliyokaa kwenye mota pia. Chomoa waya, toa kile kipanga kinachozunguka na sumaku yake, kilaze kwenye siki usiku mmoja. Ndimu nayo inafaa. Sugua kwa mswaki wa zamani, ingiza mswaki na kwenye tundu lake, suuza kwa maji mengi, rudisha. Sponji usiihusishe na siki hata kidogo. Kwenye kioo tumia kitambaa chenye siki juu ya usawa wa maji tu, isidondoke ndani.

Ila chanzo kipo kwenye namna unavyoongeza maji. Maji yanapokauka yanaondoka yenyewe, madini yanabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila mara bila kutoa ya zamani, madini yanazidi kila wiki. Jazia pengo la kukauka kwa maji ya mvua uliyoyakinga kwenye chombo safi, baada ya mvua ya kwanza kuliosha bati, na ya kisima yatumie siku ya kubadilisha tu.

SWALI: Shikamoo. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, nina samaki mmoja aina ya beta kwenye tangi la lita 15 na sina hela ya filta. Nimeambiwa nitumie mkaa wa jikoni uliopondwa. Ni kweli? — *Beta wa Chumba cha Pili*

JIBU: Marahaba. Mkaa wa kwenye filta umetengenezwa maalumu ili uwe na vitundu vingi mno vya kunasa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Wa jikoni haujafanyiwa hivyo, na hujui gunia lilipita wapi. Hata huo maalumu hauna kazi ya lazima kwako, kwa sababu hauiondoi amonia na baada ya wiki chache unakuwa umejaa.

Nunua pampu ya hewa ndogo kuliko zote na mita moja ya mpira, mengine tengeneza. Chukua chupa ya soda ya nusu lita iliyooshwa bila sabuni. Ikate shingo, igeuze shingo hiyo kichwa chini uirudishe ndani ya kitako kama faneli. Kwenye mdomo wa faneli simamisha bomba gumu, hata mrija mnene wa kalamu iliyotolewa wino na kuoshwa, likitokeza juu ya chupa. Ingiza mpira wa hewa ndani ya bomba hilo mpaka karibu na chini. Juu ya faneli, kuzunguka bomba, weka pamba ya mito ya nailoni na kokoto kidogo za kuizuia isielee. Mapovu yakipanda bombani maji yanavutwa kutoka chini ya faneli, na ya juu yanashuka kupita kwenye pamba kufidia.

Beta hapendi mkondo, kwa hiyo funga klipu au kifundo kwenye mpira mpaka mapovu yatoke taratibu, moja moja. Juni na Julai, usiku ukishuka nyuzi 14, yeye ataumwa na baridi kabla ya kuumwa na amonia, basi hela ya kwanza utakayopata baada ya pampu inunulie hita ya wati 25.